Kipimo Ambacho Hakuna Aliyekiomba

Pale hospitalini walimwita Mama Vichupa. Wenzake waliitwa kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani. Yeye hakujaliwa mtoto, ila kwa miaka ishirini na miwili kila alipopita kwenye korido alikuwa na trei mkononi, vichupa vya damu vikigongana taratibu, vingine vyenye vifuniko vyekundu, vingine vya zambarau. Muuguzi mmoja mwenye mdomo ndiye aliyelianzisha jina hilo. Mwanzoni lilimchoma. Siku hizi ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, anachelewa kugeuka.

Kazi ilikuwa imemchosha, na si uchovu ule wa kulala usiku mmoja ukaisha. Ulikuwa umeshahamia kwenye visigino na mabegani, umeweka makazi. Maabara ilikuwa na watu wanne kwenye kazi ya watu tisa. Mashine ya kuzungushia damu ilitetemeka mpaka meza ikasogea, na yeye kila asubuhi aliirudisha ukutani kwa nyonga, bila hata kuacha anachoandika.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kiume, fundi wa mafriji. Mtaani walimwita Fundi Baridi. Mama yao alipofariki, dada mtu alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake kumi na mmoja, kwa hiyo ni yeye aliyemlea: alimfulia sare, akamsainia ripoti za shule, akamtandika fimbo mbili tatu na kulia chooni baada ya kila moja. Sasa Fundi Baridi alikuwa mtu mzima, ana mke mshonaji na watoto wawili, na bado akipita mbele ya dada yake alinyoosha kola ya shati.

Miaka minane nyuma, Fundi Baridi alikwenda kumchangia jirani damu, na damu yake ikakataliwa. Alikuwa na homa ya ini, ile ya B. Tangu hapo akawa anameza kidonge kimoja kila siku, na kila baada ya miezi sita dada yake alimtoa damu kwa mkono wake mwenyewe, akaipima mwenyewe. Majibu yalikuwa ya kutia moyo. Kwenye safu ya kirusi B alikuwa anaandika "hakionekani", na moyoni anajisikia kama mzazi aliyeona mtoto kashika namba nzuri darasani.

Ila kwa miaka miwili sasa kulikuwa na kitu kisichokaa sawa. Kirusi hakionekani, lakini ini lenyewe linalalamika. Vile vimeng'enya ambavyo ini huvimwaga kwenye damu likiumia vilikuwa vinapanda: kwanza kidogo, halafu mara mbili ya kawaida, halafu mara nne. Alimpelekea karatasi daktari wa ini, mtu wa haraka haraka ambaye alizungumza na wagonjwa huku mkono mmoja uko kwenye kitasa cha mlango.

"Kirusi kimelala," daktari alisema. "Kirusi kikilala na ini linaungua, maana yake kuna kitu anakunywa. Zungumza naye, wewe ndiye dada yake."

Akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa faili neno moja, "pombe", akaweka alama ya kuuliza. Mama Vichupa alipotoka mlangoni, ile alama ya kuuliza alikuwa ameshaisahau.

Alimkuta Fundi Baridi karakanani, amepiga magoti nyuma ya friji refu la dukani, tochi mdomoni.

"Karibu dada," alisema, akaitoa tochi. "Kaa hapo, ila usiegemee. Hicho kiti kina mguu mmoja wa kuazima."

Dada mtu hakucheka. "Majibu yametoka."

"Yanasemaje?"

"Kirusi hakionekani. Lakini ini linaungua, mara nne ya kawaida."

"Sasa hapo nimefaulu au nimefeli?"

"Unakunywa?"

Fundi Baridi alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nakunywa chai. Nakunywa maji. Juzi nilikunywa dawa ya kikohozi ya mtoto nikidhani ni yangu."

"Sitanii."

"Na mimi sitanii. Ilikuwa tamu."

Mama Vichupa alikuwa ameshaanza kuangaza macho kwenye rafu. Nyuma ya makopo ya rangi aliona chupa ya plastiki, haina karatasi, imefika nusu. Akaifungua, akainusa. Spiriti ikampanda mpaka kwenye macho.

"Na hii?"

"Ya kusafishia mabomba kabla sijayachomea."

"Kuna watu wanainywa hii."

"Kuna watu wanakunywa na maji ya betri, dada. Mimi si watu. Mimi ni mdogo wako."

Aliirudisha chupa rafuni, lakini alipoondoka alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake. Wifi alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Alisikiliza mguu ukiwa bado kwenye kanyagio, kisha akauondoa.

"Ndiyo maana," alisema polepole. "Wifi, ndiyo maana. Anarudi hoi. Anakaa kwenye kochi na kijiko mkononi, chakula hakijafika mdomoni, keshalala. Nikimwamsha ananiangalia kama hanijui. Mimi nasema ni kazi, kumbe!"

Na kila walichokumbuka, wakikigeuza upande huo, kiliingia sawasawa. Macho mekundu, pombe. Hasira za ghafla, pombe. Siku alipotapika kwenye harusi ya jirani, hiyo ndiyo kabisa.

Kikao kilifanyika Jumapili mchana kwa mjomba, kaka wa marehemu mama yao, mstaafu wa posta aliyeendesha mambo ya ukoo kana kwamba bado anagonga mihuri. Walikuwa wanne tu: mjomba, wifi, Mama Vichupa na mtuhumiwa, aliyekaa karibu na mlango na viatu vyake vya kazi.

"Mwanangu," mjomba alianza, "hatujakuita hapa kukuhukumu." Kisha akamhukumu kwa muda wa nusu saa.

Fundi Baridi alingoja mpaka mwisho. "Sinywi, mjomba. Sijawahi kuonja tangu waliponiambia nina B. Muulizeni mtu yeyote."

Hapo Mama Vichupa alisema maneno ambayo baadaye angetamani ayameze. "Vipimo vinasema unakunywa."

Mdogo wake alimgeukia. "Vipimo ndivyo vinavyosema, au ni wewe?"

"Mimi na vipimo ni kitu kimoja."

Alimtazama kwa muda, wala si kwa hasira. Alimtazama kama fundi anavyolitazama friji lililokufa, akipiga hesabu kama kuna kitu cha kuokoa. Kisha akasema, "Sawa." Wote watatu wakaichukua hiyo sawa kuwa ni kukiri.

Tangu siku ile mambo yalikwenda kombo. Wifi alianza kumnusa mumewe mlangoni, watoto wakiangalia. Kidonge chake alikimeza mbele ya mkewe na kufungua mdomo kuonyesha kuwa kimekwenda. Aliacha kwenda kwa dada yake Jumapili. Siku moja alikuwa anapandisha kompresa ghorofani kwa mteja, magoti yakamwishia nguvu, kompresa ikabiringika ngazi nzima mpaka chini. Hakuumia mtu, ila habari ilitangulia kufika mtaani kabla yake. Wakaanza kusema Fundi Baridi siku hizi ni fundi wa zile baridi za chupa. Mama Vichupa aliusikia utani huo dukani, kutoka kwa mtu asiyemfahamu, akalipia sabuni yake na kuondoka bila kuichukua.

Vipimo vya miezi sita vilipofika, mdogo wake alikuja kutoa damu maabara, akamnyooshea mkono mtaalamu mwingine. Ini lilikuwa limezidi kuungua. Kirusi B, hakionekani.

Wiki chache baadaye ikaja semina. Mkuu wa maabara ndiye aliyetakiwa kwenda, lakini alivimba jino, akamtupia yeye barua ya mwaliko. Ilikuwa kwenye ukumbi wa chuo cha utabibu, viti vya mbao, feni moja inayozunguka na mbili zinazotazama. Mama Vichupa alichagua kiti cha nyuma kabisa kwa nia moja tu, ya kulala. Na kwenye mada mbili za kwanza alilala vizuri, kalamu mkononi, kichwa kikiwa wima kwa uzoefu.

Mada ya tatu ilikuwa ya mwanamke mfupi mwenye sauti iliyokauka, mtafiti wa virusi. Aliandika ubaoni herufi mbili, B na D, kisha akawageukia.

"Nianze na wale wagonjwa wenu mnaowagombeza," alisema. "Yule mwenye B, anameza dawa, kirusi chake kiko chini kabisa, lakini ini linaendelea kuungua. Mnamwambiaje?"

"Aache pombe!" mtu alijibu kutoka katikati, watu wakacheka.

"Na akisema hanywi?"

"Anaongopa!"

Wakacheka tena. Mama Vichupa hakucheka. Usingizi ulikuwa umemtoka wote, kama mtu aliyemwagiwa maji.

Mtafiti alichora duara kubwa, akasema hii ni seli ya ini. Ndani yake akachora duara dogo: hiki ni kiini, chumba ambamo seli inatunza maandishi yake yote ya kazi. Kisha akaweka nukta. "Hiki ni kirusi D. Ni kidogo hata kuliko virusi wenzake, karibu hakina kitu. Hakina chombo cha kujinakili. Kikiingia kwenye seli kinakwenda moja kwa moja mpaka ndani ya kiini, kinaikuta ile mashine ambayo seli inatumia kunakili maandishi yake, kinaihadaa. Badala ya kunakili ya seli, mashine inakinakili chenyewe. Maandishi yake ni duara, hayana mwanzo wala mwisho, kwa hiyo mashine inazunguka tu na kuzunguka, inatoa mkanda mrefu, na ule mkanda unajikata wenyewe vipande, kila kipande ni kirusi kipya. Mpaka hapo hakijamhitaji B kwa lolote."

Akachora mshale ukitoka kwenye kiini mpaka ukingo wa seli, akasimama hapo.

"Hapa ndipo kinapokwama. Hakina ganda. Bila ganda hakitoki kwenda seli nyingine. Ganda linatengenezwa na B. Kwa hiyo D kinaishi pale tu ambapo B kipo, kinavaa ganda la mwenzake, kinatoka. Na mara nyingi kikishakaa, kinamkandamiza B mpaka anaonekana kama amelala. Ninyi mnafurahi, mnaandika hakionekani."

"Na vidonge vya B?" aliuliza mtu.

"Vidonge vinamzuia B kujinakili. Lakini ganda linaendelea kutengenezwa, kwa sababu maandishi ya B yamejichimbia humo humo kwenye kiini, na vidonge haviyafikii. D hakikosi nguo. Kinaunguza ini taratibu, na mgonjwa anachoka, anachoka, mpaka anasinzia akila."

Mama Vichupa aliona kijiko. Kijiko cha mdogo wake mkononi, kwenye kochi, hakijafika mdomoni. Akainua mkono, na sauti iliyotoka hakuitambua.

"Na kama daktari hakuomba kipimo cha D?"

"Basi hakitapimwa, ndugu yangu. Na mgonjwa ataendelea kuambiwa ni mlevi."

Asubuhi iliyofuata alimsubiri daktari wa ini mlangoni kwake. Daktari alimsikiliza wima, halafu akakaa. Kwa mara ya kwanza Mama Vichupa alimwona mtu yule akikaa.

"Hicho nilikisoma chuoni," alisema, akijisugua macho. "Nilidhani ni cha kujibia mitihani tu. Sijawahi kukiomba hata siku moja." Akavuta fomu, akaandika, akasaini.

Ilibaki damu yenyewe. Alikwenda karakanani mchana, na vifaa vyake kwenye mfuko. Fundi Baridi alikuwa amelala juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, kofia usoni. Alipomwona aliinuka kwa viwiko, akabaki amekaa.

"Nataka nikutoe damu," alisema dada mtu. Akamweleza yote, vibaya, akiruka huku na kule: kiini, mashine, duara, ganda.

Mdogo wake alimwachia mpaka akaishiwa. "Damu yangu umechukua miaka minane," alisema. "Iliwahi kunitetea?"

"Hatukuiuliza swali lenyewe."

"Kwa hiyo sasa unajua ninacho hicho D."

"Sijui. Labda unacho, labda huna. Mpaka ipimwe."

"Ahaa. Leo hujui." Aliokota bisibisi, akaitazama, akaiweka chini. "Mbona siku ile kwa mjomba ulijua?"

Gari lilipita nje, likapita jingine. Mama Vichupa alifikiri kuondoka. Alifikiri pia kupiga magoti, lakini sakafu ilikuwa na mafuta na yeye alijua magoti yake hayatamwinua tena kirahisi, na wazo hilo la kijinga ndilo lililomtoa machozi. Alilia kwa uchovu, bila sauti, mfuko wa vichupa ukiwa mapajani.

"Usilie bwana," alisema Fundi Baridi kwa kuchoka vilevile. "Wateja wataona. Watasema sasa tunakunywa wote wawili." Akakunja mkono wa shati. "Toa. Ila toa kwa mkono huu, ule mwingine mwenzako aliuchokonoa kama anatafuta waya."

Maabara yao haikuwa na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia D. Vichupa viwili viliwekwa kwenye boksi la barafu na kupelekwa maabara kuu, na majibu yalikaa wiki tatu na siku nne. Katika siku hizo Mama Vichupa alibandika jina la mgonjwa mmoja kwenye kichupa cha mwingine. Aligundua kabla hakijaingia mashinani, lakini ilibidi akae chini, maana katika miaka yote ishirini na miwili hilo halikuwahi kumtokea.

Karatasi ilipokuja aliisomea amesimama kando ya friza. Kinga za kupambana na D, zipo. Kirusi D chenyewe, kipo, zaidi ya nakala milioni kwa kila mililita ya damu. Aliisoma mara tatu. Hakujua kama anachosikia ni ahueni au msiba, na alipoona ni vyote viwili aliikunja, akaitia mfuko wa koti, akaendelea na kazi mpaka saa ya kutoka, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na hakukuwa na mtu mwingine.

Alimwambia mdogo wake kwanza, peke yao. Kisha akamwomba mjomba aitishe kikao.

Safari hii yeye ndiye aliyesimama. "Hapa hapa nilisema vipimo vinasema anakunywa," alisema. "Havikusema hivyo. Nilisema mimi. Vipimo vilisema ini linaungua, basi, hayo mengine niliyaongeza mwenyewe." Akaeleza kuhusu D, safari hii kwa utulivu.

Mjomba alikohoa. "Sasa hicho kidudu kimemwingiaje?"

"Kwa njia ya damu. Wembe, sindano, jino lililong'olewa na chombo kisichochemshwa. Hatujui, na huenda ni miaka mingi. Hatutajua."

"Na watoto?" wifi aliruka. "Wifi, watoto wangu!"

"Watoto walichanjwa B tangu wachanga, na wewe ulichanjwa mara tu alipogundulika. D bila B hakianzishi chochote. Nitawapima wote ulale vizuri, lakini usiwe na hofu."

Wifi aliweka uso mikononi. Alikuwa analia na kusema kitu ambacho hakikusikika, ila neno "kumnusa" lilisikika mara mbili. Mjomba alitafuta la kusema, akasema kwamba binadamu hukosea, halafu akaona mwenyewe kwamba halitoshi.

Fundi Baridi alikuwa anabandua gundi iliyoganda kwenye kidole gumba. "Mmemaliza?" aliuliza. "Maana nina friji la mtu." Akaondoka. Hakuubamiza mlango wala nini. Aliurudishia vizuri, kama alivyofunzwa.

Tiba iliyokuwepo ilikuwa sindano, moja kila wiki kwa karibu mwaka mzima. Daktari hakuwaficha: kwa watu wanne, huenda mmoja ndiye atakayepona kabisa, na sindano zenyewe zitamwangusha. Mkewe alipaswa kufundishwa kumchoma, lakini kila akiishika sindano alifumba macho, na Fundi Baridi akasema, "Mpeni huyo mwenye uzoefu wa kunichoma." Basi kila Jumatano baada ya kazi Mama Vichupa alikwenda kwa mdogo wake na sindano kwenye kikasha cha barafu.

Ulikuwa mwaka mbaya. Kila sindano ilimletea homa na kutetemeka siku mbili, kisha siku tatu za kujikongoja, kisha Jumatano nyingine. Nywele zilinyonyoka. Alikonda mpaka mkanda ukatobolewa matundu mapya kwa msumari. Hasira zilimpanda kwa vitu vidogo. Mara moja alirusha bakuli ukutani kwa sababu mtoto alicheka, kisha akakaa akalia na yule mtoto. Mwezi wa tano chembe nyeupe za damu zilishuka sana, ikabidi dozi ipunguzwe. Mama Vichupa alikuwa anatoka kwenye foleni ya wagonjwa hospitalini na kwenda kwa mgonjwa wa nyumbani, na alizoea kula amesimama.

Jumatano moja, mkewe akiwa amekwenda kupeleka sare, Fundi Baridi alisema akiwa ametazama dari, "Unajua kilichoniuma?"

"Niambie."

"Mke wangu hakuniamini, sawa, yeye alisikia kwako. Mjomba hakuniamini, mjomba haamini hata saa yake. Lakini wewe ulinilea. Nikiongopa ulikuwa unanijua kabla sijafungua mdomo. Siku ile sikuongopa, na hukunijua."

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo tu?"

"Sina la kujitetea."

"Basi usijitetee. Choma hiyo sindano, umeishikilia mpaka imepata moto."

Alimchoma. Baadaye alipokuwa anavaa viatu mlangoni, alisikia mdogo wake akimwambia kutoka chumbani kwamba friji la nyumbani kwa dada lina mlio usio mzuri, aliusikia mara ya mwisho alipokwenda huko, na kama dada hataki lizime ghafla alizime mwenyewe mpaka yeye aje alitazame. Alikuja kulitazama baada ya mwezi na nusu, alipopata nguvu za kubeba mkoba wa vifaa.

Sindano ya mwisho ilipopita walipima. Kirusi D kilikuwepo bado. Kutoka zaidi ya milioni, zilibaki nakala mia na kitu. Vimeng'enya vya ini vilikuwa vimeshuka karibu na kawaida. Baada ya miezi sita wakapima tena, hali ni ile ile, haikupanda wala haikuisha.

"Hatujashinda," daktari alisema, amekaa. "Ila ini limepata kupumua. Kuna dawa mpya, inakizuia kuingia kwenye seli. Hapa haijafika. Nimeshaandika barua, nitaandika nyingine."

"Na mimi niendelee kufanya nini?" Fundi Baridi aliuliza.

"Vidonge, vipimo, na upumzike."

Alipumzika kwa kiasi alichoweza. Alifungua karakana asubuhi, akaifunga adhuhuri. Kazi za ghorofani alizikataa. Wifi aliacha kumkaribia mlangoni kabisa, kwa aibu, mpaka yeye mwenyewe akamwambia siku moja kwamba mtu akirudi nyumbani angalau apokewe mkoba. Jumapili alirudi kwenda kwa dada yake, si kila Jumapili. Walikula, wakazungumza mambo ya watoto, kisha yeye akasinzia kwenye kiti na dada akatoa vyombo bila kuvigonganisha.

Hospitalini, mkuu wa maabara alikuwa amepigana na stoo mpaka vitendanishi vya D vikaletwa, maboksi mawili madogo. Mama Vichupa aliomba faili za wagonjwa wote wa B. Alizipitia wakati wa chakula cha mchana, rundo baada ya rundo, akitafuta wale ambao kirusi kiko chini na ini linaungua. Alipata thelathini na mmoja. Kwenye faili nyingi, pembeni, kulikuwa na neno lile lile lenye alama ya kuuliza, na kwenye nyingine alama ya kuuliza haikuwekwa kabisa. Watano walikuwa wameshafariki. Aliandika namba za simu za waliobaki kwenye karatasi, akavuta kiti, akavua viatu chini ya meza, akapiga ya kwanza.

Alipokea mwanamke. Nyuma yake maji yalikuwa yanamiminika kwenye ndoo.

"Napiga kutoka maabara ya hospitali," alisema Mama Vichupa.

Maji yakafungwa. "Kwani nimefanya nini tena?" yule mwanamke aliuliza. "Nilishawaambia sinywi."

"Najua, mama. Hujafanya kitu. Kuna kipimo hatukukufanyia, tunataka tukufanyie."

Maji yalifunguliwa tena kidogo, kisha yakafungwa.

"Leo siwezi, nina nguo za watu nimeloweka," mwanamke alisema mwishowe. "Alhamisi?"

"Alhamisi," alisema Mama Vichupa, akaandika.